Nani Anasikiliza Vihisi vya Kiwanda Chako?

Kihisi cha presha kilichofungwa kwenye bomba la mvuke husema machache: presha ni ngapi, betri imebaki kiasi gani, basi. Husema hayo kwa redio mchana na usiku, kila baada ya sekunde au dakika kadhaa. Kwa kuwa ni machache, wenye viwanda wengi huona hayamfai mtu wa nje. Hujenga ukuta, huweka kamera na walinzi getini, kisha hufunga vihisi kwa makumi vinavyotangaza hewani hali ya kila tangi, pampu na tanuri. Mawimbi hayo hupita juu ya ukuta ule ule uliogharimu fedha nyingi.

Nawaandikia mafundi wa vipimo, wahandisi wa matengenezo na mameneja wanaosaini hati za ununuzi, wawe kwenye kiwanda cha saruji Tanga, cha chai Kericho au kwenye mamlaka ya maji ya mji mdogo. Niseme mapema ninachokiona kuwa kiini cha jambo. Hesabu zinazoficha data katika mifumo ya kisasa ni imara. AES, njia ya usimbaji iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kupitishwa na serikali ya Marekani mwaka 2001, haijapata kuvunjwa kwa namna inayomsaidia mwizi. Siri huvujia kwenye funguo: zilizoachwa kama zilivyokuja, zilizofanana kwa vifaa vyote, au zilizobaki kwenye kompyuta ya mkandarasi aliyemaliza kazi zamani.

Kusikiliza ni rahisi kuliko unavyodhani

Vihisi vingi vya viwandani vimejengwa juu ya kiwango cha IEEE 802.15.4, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2003. Ndicho kilicho chini ya WirelessHART, ISA100.11a na Zigbee. Katika masafa ya gigahezi 2.4 kina chaneli 16, na ujumbe mmoja hauzidi baiti 127. Ili kuunasa unahitaji kipokezi cha USB kinachotosha kiganjani na programu isiyouzwa. Tangu mwaka 2009 iko zana iitwayo KillerBee, aliyoitengeneza mtafiti wa usalama Joshua Wright ili watu wapime udhaifu wa Zigbee, na yeyote anaweza kuipakua.

Vihisi vinavyotumia masafa ya chini, kama megahezi 433 au 868, husikika kwa gharama ndogo zaidi. Mwaka 2012 ilienea habari kwamba vijiti vya USB vya kupokelea televisheni vinaweza kugeuzwa redio ya kusikilizia masafa mapana, hadi karibu megahezi 1,700. Huuzwa kwa makumi machache ya dola.

Halafu kuna suala la umbali. Mtengenezaji akiandika kwamba kihisi hufika mita 200, anazungumzia antena ya kawaida iliyo kwenye lango la mtandao wako. Mtu mwenye antena ya kuelekeza upande mmoja, aliyeketi kwenye gari ng'ambo ya barabara au kwenye ghorofa ya jirani, husikia kutoka mbali zaidi ya hapo. Mwaka 2010 watafiti wa vyuo vikuu vya Rutgers na South Carolina nchini Marekani walionyesha kwamba vihisi vya presha ya matairi, vidogo mno na vyenye nguvu hafifu, vilisikika umbali wa mita 40 kutoka kwenye gari linalopita. Havikuwa na usimbaji wowote, na kila kimoja kilitaja namba yake ya utambulisho, kiasi kwamba gari liliweza kufuatiliwa kwa matairi yake.

Msikilizaji wa kiwanda hupata nini? Kipimo cha tangi la dizeli kikinaswa wiki mbili mfululizo, mwizi anajua siku tangi linapojazwa na saa ambazo hakuna anayechota. Joto la tanuri linamwambia mshindani mnazalisha zamu ngapi. Mtetemo wa mota unamwambia muuza vipuri kwamba mashine yenu inaumwa kabla hamjaenda kuomba bei. Na kuna lililo zito kuliko hayo yote: anayetaka kutuma amri za uongo kwenye mfumo huanza kwa kusikiliza, ajifunze anwani za vifaa, mpangilio wa ujumbe na kipimo cha kawaida kinavyoonekana, ndipo amri zake zisitiliwe shaka.

Jua kwanza ulicho nacho

Zunguka kiwanda kizima na daftari, uandike kila kifaa chenye antena. Usitegemee michoro ya mradi, maana mara nyingi kuna vifaa vilivyofungwa baadaye na mtu aliyetaka kutatua tatizo la siku moja. Kwa kila kifaa andika aina ya redio, mwaka kilipofungwa, nani alikifunga na ufunguo wake uko wapi. Safu hiyo ya mwisho ikibaki tupu, umeshapata kazi ya kuanzia.

WirelessHART, iliyofanywa kiwango cha kimataifa IEC 62591 mwaka 2010, ina sifa moja ninayoipenda: usimbaji wake hauwezi kuzimwa. Kila ujumbe hulindwa kwa AES ya biti 128, fundi atake asitake. Udhaifu wake uko kwenye ufunguo wa kujiungia, ambao nitaurudia. LoRaWAN nayo husimba, lakini usalama wake hutegemea sana namna kifaa kilivyosajiliwa. Zigbee husimba pia, ila ina ufunguo chaguo-msingi unaojulikana dunia nzima. Wi-Fi yenye WEP haifai kabisa, imevunjwa tangu mwaka 2001. WPA2 ndiyo ya chini unayoweza kuikubali, na WPA3 ni bora.

Kundi linalonitia wasiwasi zaidi ni modemu za redio za zamani zinazobeba Modbus. Modbus ilizaliwa mwaka 1979 kwa ajili ya waya ndani ya jengo moja. Haina usimbaji, wala haiulizi anayetuma amri ni nani. Ikipandishwa hewani bila kinga, kila anayesikiliza anasoma, na anayejua kusoma anaweza kuandika. Modemu nyingi za aina hii zina usimbaji wa AES ndani yake uliozimwa tu. Fungua mipangilio yake leo uangalie. Modemu ikiwa haina usimbaji huo, iandike kwenye bajeti ya kubadilishwa, na kabla ya siku hiyo usiiruhusu kubeba amri za kufungua vali au kuwasha pampu.

Funguo, funguo, funguo

Zigbee inatupa mfano ulio wazi. Kifaa kipya kinapojiunga, mtandao hukitumia ufunguo wa mtandao kwa njia ya hewa, na ufunguo huo hufunikwa na ufunguo mwingine. Usipopanga vinginevyo, huo wa kufunikia ni maneno "ZigBeeAlliance09", yaliyochapishwa wazi kwa miaka mingi. Ni sawa na kununua kufuli ambalo ufunguo wake unauzwa katika kila duka la mjini. Aliyekuwa akisikiliza dakika ile kifaa kilipojiunga ameondoka na ufunguo wa mtandao mzima, na anaweza kusoma kila kitu kuanzia hapo. Dawa ipo: tumia vifaa vya Zigbee 3.0 vyenye msimbo wa usakinishaji wa kila kifaa peke yake, funga ruhusa ya kujiunga mara kazi inapokwisha, kisha badilisha ufunguo wa mtandao.

Kwenye WirelessHART fundi huingiza ufunguo wa kujiungia kwa kifaa cha mkononi kilichounganishwa kwa waya, na hilo ni zuri, kwa kuwa ufunguo haupiti hewani. Tatizo ni uvivu wa kibinadamu. Lango la mtandao huruhusu ufunguo mmoja wa pamoja kwa vihisi vyote, au ufunguo tofauti kwa kila kihisi. Ule wa pamoja huokoa saa chache wakati wa kufunga, ndiyo maana hupendwa na makandarasi. Lakini kihisi kimoja kikiibwa kwenye uzio wa mbali, na mwizi akausoma ufunguo kwenye kumbukumbu ya chipu yake, ameingia kwenye kiwanda kizima. Kataa ufunguo wa pamoja, na uandike katazo hilo kwenye mkataba kabla kazi haijaanza.

LoRaWAN husikika kilomita kadhaa, kwa hiyo wasikilizaji wake ni wengi. Chagua vifaa vinavyojiunga kwa njia ya OTAA, ambapo funguo za kikao hutengenezwa upya kila kifaa kinapojiunga. Hata hivyo elewa mpaka wake: aliye na ufunguo mkuu wa kifaa, uitwao AppKey, na aliyenasa mazungumzo ya kujiunga, anaweza kukokotoa funguo za kikao na kusoma yote yanayofuata. Kwa hiyo usiache AppKey kwenye kibandiko cha QR kilichogandishwa ubavuni mwa kifaa. Soma kibandiko, hifadhi namba mahali salama, kisha kibandue. Na wauzaji wengine huleta kundi zima la vifaa vyenye AppKey moja. Warudishie, au ubadilishe AppKey za vifaa vyote kabla ya kuvifunga.

Ufunguo mzuri ni wa nasibu kweli. Jina la kiwanda, mwaka wa kuanzishwa na tarakimu zinazofuatana havifai. Kwenye kompyuta yenye OpenSSL, amri "openssl rand -hex 16" hutoa alama 32, yaani biti 128, na hiyo inatosha kwa kifaa kimoja. Zihifadhi funguo kwenye programu ya kutunza nywila iliyofungwa kwa nenosiri refu, pamoja na nakala ya karatasi ndani ya kasha la chuma. Zisikae kwenye jedwali la Excel katika folda ya wote, na zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la mafundi, hata kwa dakika tano. Picha moja ya skrini huishi kwenye simu za watu kwa miaka.

Na watu huondoka. Mapema mwaka 2000, katika wilaya ya Maroochy huko Queensland, Australia, vituo vya kusukuma majitaka vilianza kufanya mambo yasiyoeleweka. Pampu zilisimama, kengele za hatari zikanyamaza. Mhusika alikuwa mtu aliyewahi kufanya kazi kwa mkandarasi aliyefunga mfumo huo wa redio, kisha akanyimwa ajira na halmashauri. Alikuwa akizunguka kwa gari na kompyuta, redio na kidhibiti cha aina ile ile iliyotumika vituoni, akituma amri kana kwamba naye ni kituo halali. Lita zipatazo 800,000 za majitaka zilimwagika kwenye bustani, mito na viwanja vya hoteli. Mahakama ilimfunga miaka miwili mwaka 2001. Tukio hilo lilipita udukizi, yaani kusikiliza kwa siri, lakini linaonyesha kinachotokea mawasiliano ya redio yakiamini kila anayejua lugha yake. Kikulacho ki nguoni mwako: siku mkandarasi anapokabidhi kazi, na siku fundi anapoacha kazi, badilisha funguo alizozigusa. Si kwa kumshuku mtu huyo, bali kwa sababu huwezi kujua kompyuta yake itafika mikononi mwa nani.

Betri inapobadilishwa

Hapa pana hatari ambayo mafundi wengi hawajaambiwa. Usimbaji wa vihisi hivi huchanganya ufunguo na kaunta inayopanda kwa kila ujumbe, ili vipimo viwili vinavyolingana visifanane vikisimbwa. Kaunta ikirudi sifuri huku ufunguo ukiwa ule ule, ujumbe mpya unafunikwa kwa mfuatano uliokwisha kutumika. Aliyehifadhi ujumbe wa zamani anaweza kuulinganisha na mpya na kufichua yaliyomo, bila kuujua ufunguo.

Hili hutokea hasa kwenye vifaa vya LoRaWAN vilivyosajiliwa kwa njia ya ABP, ambavyo funguo zake za kikao hupachikwa mara moja na hazibadiliki. Fundi anabadilisha betri, kifaa kinaanza upya, kaunta inaanza sifuri, na seva inaukataa ujumbe. Ili kazi iendelee, mtu wa seva anazima ukaguzi wa kaunta. Kwa kitendo hicho mmefungua milango miwili: wa kusomwa, na wa mtu kurudia kutuma ujumbe aliounasa jana. Muulize muuzaji kama kaunta huhifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme unapokatika. Asipoweza kujibu, nunua kwingine. Na ukaguzi wa kaunta usizimwe na mtu yeyote bila idhini ya maandishi.

Nyuma ya lango na nje ya usimbaji

Mara nyingi usimbaji wa redio huishia kwenye lango la mtandao. Kutoka hapo data huenda kwenye chumba cha udhibiti kwa Modbus TCP kupitia mlango namba 502, au kwa MQTT kupitia mlango namba 1883, yote wazi. Mdukizi aliyeshindwa hewani anaweza kuchomeka kompyuta kwenye swichi iliyo koridoni. Tumia MQTT juu ya TLS, ambayo kwa kawaida hupita mlango namba 8883, tenga mtandao wa vihisi na ule wa ofisi, badilisha nywila ya kuingilia kwenye lango, na ufunge kabati lake kwa kufuli.

Usimbaji pia hauwezi kuficha kila kitu. Anwani za vifaa na nyakati za kutuma hubaki wazi. Kihisi cha mlango wa ghala kinachotuma pale tu mlango unapofunguliwa kimeshasema kila kitu, hata kama maneno yake hayasomeki. Panga vihisi vya namna hiyo vitume kwa vipindi sawa, kuwe na jambo au kusiwe, na ujumbe wote uwe wa urefu mmoja. Betri itaisha mapema. Ni gharama ninayoona inastahili kwa vihisi vichache vyenye siri kubwa, si kwa vyote. Lakini kengele ya hatari isicheleweshwe kamwe kwa ajili ya usiri. Gesi ikivuja, ujumbe uende sekunde hiyo hiyo, asikie atakayesikia.

Wengine hujipa moyo kwa kusema redio zao hurukaruka kutoka chaneli hadi chaneli. WirelessHART hufanya hivyo kwa kila ujumbe, ndani ya vipindi vya milisekunde 10, na inasaidia sana dhidi ya mwingiliano wa mawimbi. Usiri haumo humo. Vipokezi 16 vya bei ndogo husikiliza chaneli zote kwa pamoja.

Kupunguza nguvu na kuchagua antena kunasaidia kiasi. Mwaka 1975 Aaron Wyner alionyesha kwa hesabu kwamba, mdukizi akiwa anasikia vibaya kuliko mpokeaji halali, siri inaweza kutunzwa hata bila ufunguo. Watafiti wa vihisi vya viwandani wameliendeleza wazo hilo, kwa mfano kwa kuchagua kila wakati kihisi ambacho njia yake ya redio inampendelea zaidi mpokeaji. Kwa fundi, matumizi yake ni haya: weka lango katikati ya kiwanda badala ya kando ya uzio, tumia antena zinazoelekea ndani, na punguza nguvu hadi pale mawasiliano yanapobaki thabiti. Mahali pa wazi, kupunguza nguvu hadi robo hupunguza umbali wa kusikika kwa nusu. Ichukulie hii kuwa nyongeza, kwa maana huwezi kujua mdukizi ana antena gani.

Jisikilize, na ujue la kufanya ukigundua uvujaji

Nunua kipokezi kinacholingana na redio yako, uweke programu ya Wireshark, ambayo husoma ujumbe wa 802.15.4, na usimame nje ya uzio. Kipokezi kimoja kitasikia chaneli moja kwa wakati, yatosha. Chagua kihisi cha joto ambacho hakiguswi, uangalie baiti zinazobeba kipimo ndani ya ujumbe wake, si zile za anwani na kaunta. Zikijirudia zile zile na kubadilika pale tu mwenzako anapokipasha joto kwa kiganja, hakuna usimbaji. Zikiwa zinabadilika zote kila mara ingawa joto halijabadilika, usimbaji unafanya kazi. Rudia jaribio kila mnapofunga vifaa vipya au kubadilisha programu ya ndani ya vifaa.

Pata idhini ya maandishi ya uongozi kwanza, na uchuje ili ubaki na namba ya utambulisho ya mtandao wenu tu. Kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nchini Tanzania, na chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 nchini Kenya.

Ukigundua kwamba ufunguo umevuja, usikimbilie kubadilisha kila kitu saa hiyo hiyo huku mitambo inaendeshwa. Kihisi kisichopata ufunguo mpya kitatoka mtandaoni, na opereta atabaki bila macho. Zima kwanza uwezo wa kutuma amri kwa redio, pampu na vali ziendeshwe kwa mkono au kwa waya. Hifadhi kumbukumbu za lango kabla hazijafutika, kwa kuwa ndizo zitakazoonyesha kama kuna kifaa kigeni kilichojiunga. Kisha panga muda mfupi wa kusimamisha kazi, ubadilishe funguo za vifaa kimoja kimoja, uhakikishe kila kimoja kimerudi na kipimo chake kinalingana na geji ya karibu, na mwishoni ufute ufunguo wa zamani kwenye lango. Hatua hiyo ya kufuta husahaulika mara kwa mara, na ufunguo wa zamani ukibaki unakubalika, kazi yote ya siku hiyo haijamzuia mtu.